Rupia za Kwenye Mkebe: Jinsi ya Kujua Fedha Iliyomo Kabla Hujauza

Mkebe wa maziwa wa bibi tuliufungua baada ya arubaini. Mlikuwa na sarafu sitini na tatu, pete ya shaba, na ufunguo ambao hadi leo hatujui ni wa kasha gani. Kumi na moja nikabaki nazo mimi kama ukumbusho. Zilizobaki mama akazifunga kwenye kitambaa, akapanda boti kutoka Pemba kwenda Unguja, akampelekea mnunuzi mmoja wa mapambo ya zamani. Yule bwana akazimimina zote kwenye mizani kwa mkupuo mmoja, akataja bei moja ya gramu, akalipa. Hakusoma mwaka wa hata sarafu moja.

Mimi nilizipiga picha usiku wa kuamkia safari, kwa kumbukumbu tu. Miezi ikapita. Siku moja nikakaa na zile picha, nikaandika miaka moja moja kwenye daftari, ndipo nikaona kilichotupita. Kitambaa kimoja kilibeba rupia zenye fedha sehemu kumi na moja kwa kumi na mbili, rupia nyingine za nusu kwa nusu, na shilingi ambazo robo yake tu ndiyo fedha. Bei tuliyolipwa ilikaribia ya zile shilingi, yaani ya chini kabisa katika fungu.

Mwenye mkebe kama ule nyumbani asiende mjini kabla hajafanya haya yanayofuata. Yanahitaji jioni moja, kimizani kidogo kinachosoma hadi gramu 0.01, sumaku, uzi mwembamba, gilasi ya maji, kioo cha kukuzia na daftari.

Kwanza kabisa: usizioshe

Naanza na hili kwa sababu mimi mwenyewe nilikosea. Zile kumi na moja nilizisugua kwa majivu na ndimu, kama tunavyosugua sinia. Ziling'aa kweli, nikafurahi, nikazionesha kwa mtu anayekusanya sarafu. Akazigeuza mara mbili, akazirudisha mezani: "Hizi sasa uza kwa uzito tu." Ule weusi wa miaka themanini ndio ushahidi kwamba sarafu haijaguswa, na majivu huacha mikwaruzo myembamba isiyofutika. Kama kuna vumbi au mchanga, tumbukiza kwenye maji safi ya vuguvugu, kausha kwa kugandamiza kitambaa laini bila kufuta. Basi.

Zipange kwa sura na mwaka

Tandika khanga mezani, zigawe kwa kichwa kilichochorwa. Kazi hii ndiyo yenye faida kuliko zote, kwa hiyo tutakaa hapa kidogo.

Kiswahili chetu hakikutenganisha madini na pesa: fedha ni ile inayofuliwa kikuku, na fedha ni ile inayolipia karafuu. Kwa wazee wetu maneno hayo mawili yalikuwa kitu kimoja hasa. Baadaye serikali ndizo zilizoyatenganisha kimyakimya, kwa kupunguza madini na kuliacha jina palepale.

Sarafu kubwa kuliko zote utakayoikuta huenda ni *reale*, yenye mwanamke mnene aliyejifunika shela kichwani. Huyo ni Maria Theresa, mtawala wa Austria, aliyefariki mwaka 1780, na reale zote zilizopigwa kwa jina lake baada ya hapo zimeandikwa 1780, hata zilizotolewa katika karne ya ishirini. Zilipigwa Vienna, baadaye Rome, London, Bombay na kwingineko, kwa sababu wafanyabiashara wa Bahari ya Shamu na Bahari ya Hindi walikataa sura nyingine. Hii ndiyo sarafu pekee katika mkebe ambayo tarehe yake inadanganya lakini fedha yake haidanganyi: uzito gramu 28.07, na fedha sehemu 833 kwa 1,000, awe aliyeipiga ni nani. Chini ya kifua tafuta herufi S.F., na ukingoni soma maneno *IUSTITIA ET CLEMENTIA* yaliyoinuka. Ikiwa ukingo ni mistari mitupu kama wa rupia, itilie shaka.

Sayyid Barghash naye alitoa reale yake ya fedha, yenye maandishi ya Kiarabu pande zote na mwaka 1299 wa Hijria, yaani 1882. Ukiikuta hiyo, sahau hesabu zote zilizomo humu. Weka pembeni, usiitaje sokoni. Thamani yake haihusiani na gramu. (Zile pesa za shaba zenye mizani, za mwaka huohuo, ni nyingi na hazina fedha ndani.)

Kisha zinakuja rupia, na humo ndimo mama alimopotezea.

Rupia ya India ndiyo iliyotawala Unguja na Pemba tangu karne ya kumi na tisa, na ndiyo waliyolipwa wakulima wa karafuu. Uzito wake ni gramu 11.66, na sonara yeyote wa Darajani atakwambia hiyo ndiyo *tola* moja. Zamani mtu asiye na jiwe la mizani aliweka rupia upande wa pili, kazi ikaenda. Kati ya gramu hizo, 10.69 ni fedha halisi. Kiwango hicho cha 917 kwa 1,000 kilishikiliwa kwa Victoria hadi 1901, kwa Edward VII, mwenye ndevu na kichwa wazi bila taji, aliyeonekana kwenye rupia za 1903 hadi 1910, na kwa George V, mwenye ndevu na taji, kuanzia 1911 hadi 1922. Rupia za Wajerumani wa Tanganyika, zenye Wilhelm II na kofia ya chuma, nazo zilipigwa kwa uzito na kiwango hichohicho kusudi zipokelewe popote rupia ya India ilipopokelewa. Neno *hela* tulilirithi kwa haohao, kutoka Heller yao ya mwaka 1904.

Sasa angalia rupia yenye mfalme asiye na ndevu, mwenye taji: George VI. Ikiwa imeandikwa mwaka wowote kati ya 1940 na 1945, uzito wake ni uleule wa gramu 11.66, ukubwa uleule, mlio unakaribiana, lakini fedha ni nusu tu. Iliyobaki ni shaba, nikeli na zinki. Gramu 5.83. Rupia mbili pacha kwenye mizani, moja ina fedha karibu mara mbili ya mwenzake. Katika ukingo wa hizi za vita pamechongwa mfereji mdogo katikati ya mistari. Ukiushika kwa kucha utausikia. Ya 1947 haina fedha kabisa: ni nikeli tupu, na sumaku inaivuta.

Kwa nini walipunguza? Chanzo chake ni cha zamani zaidi ya vita hivyo. Mwaka 1893 viwanda vya sarafu vya India viliacha kumpigia kila mtu rupia kutokana na fedha yake, na thamani ya rupia ikaja kufungwa kwenye shilingi moja na peni nne za Kiingereza, hata fedha yenyewe iliposhuka bei. Kwa miaka ishirini na zaidi rupia ilikuwa na thamani kubwa kuliko madini yake. Vita Kuu ya Kwanza vikageuza mambo. Fedha ilipovuka peni 43 kwa aunsi huko London, madini ya rupia yakawa na bei kuliko rupia yenyewe, na mwenye tanuri akawa na biashara. India ikapiga marufuku kuyeyusha sarafu mwaka 1917. Februari 1920 bei ikafika peni 89 na nusu.

Serikali zilijibu kwa njia moja. Uingereza ilishusha fedha yake kutoka 925 hadi 500 mwaka huohuo wa 1920. Bara, katika Kenya na Uganda, rupia iliondolewa, ikaletwa *florin* ya 1920, yenye uzito wa rupia lakini nusu fedha. Ilidumu muda mfupi mno, na leo anayeikuta ana bahati. Mwaka 1921 ikafuata shilingi ya Afrika Mashariki, yenye simba na milima, na hiyo ikawa robo tu: sehemu 250 kwa 1,000. India peke yake iliiacha rupia nzima ilivyo hadi Vita vya Pili, ingawa sarafu zake ndogo zilianza kugeuzwa shaba na nikeli mapema. Ukikuta anna nne za 1919 zenye pembe nane, usitafute fedha humo.

Unguja na Pemba hatukuifuata bara. Sisi tulibaki na rupia hadi tarehe 1 Januari 1936, ndipo shilingi ikaingia, rupia moja kwa shilingi moja na nusu. Hebu ipige hesabu hiyo kwa madini. Shilingi ya simba ina uzito wa gramu 7.78, fedha ndani yake gramu 1.94. Moja na nusu ni gramu 2.92. Aliyepeleka rupia yake na kurudi na shilingi alitoa gramu 10.69 za fedha, akapewa chini ya tatu. Kwa duka na kodi hakupoteza kitu, kwa sababu bei zilihesabiwa hivyohivyo. Lakini bibi zetu walikuwa wanapeleka rupia kwa sonara zifuliwe mitali na vikuku, na kwao kilichokuwa na maana ni kile kinachobaki kwenye moto. Sishangai kwamba mkebe uliachwa na rupia.

Shilingi za simba zina fedha kuanzia 1921 hadi 1946. Kuanzia 1948 ni shaba na nikeli. Thumni, ile ya senti hamsini, inafuata shilingi: gramu 3.89, robo fedha, hadi miaka ileile. Sarafu za tundu za senti tano na kumi hazina fedha. Na ukikuta nusu rupia ya bara, yaani senti 50 za 1906 hadi 1919 zenye jina la Afrika Mashariki na Uganda, hiyo ni 800 kwa 1,000 na uzito gramu 5.83, usiichanganye na thumni.

Pima moja moja

Kila sarafu iandike mwaka na uzito. Usitarajie 11.66 kamili, rupia iliyozunguka mikononi kwa miaka thelathini hulika, na 11.4 au 11.5 ni ya kawaida. Ukipata 10.8, ichunguze: imekwanguliwa ukingoni, au ni ya bandia. Ukipata 12 na zaidi, geuza uangalie mgongoni. Sarafu nyingi za kwetu zilitiwa pete zivaliwe shingoni, na pete ikitolewa hubaki donge la kalai. Donge hilo lina uzito wake na halina fedha.

Sumaku ni kipimo cha haraka: fedha haivutwi, wala shaba. Ikinasa, ni chuma au nikeli. Isiponasa bado hujajua kitu, kwa sababu risasi na kalai navyo havivutwi.

Kipimo cha maji

Hapa ndipo utakapojiridhisha bila kuikwaruza sarafu na bila kumwamini mtu. Fedha ni nzito kuliko shaba kwa ujazo uleule, kwa hiyo kadiri shaba inavyoongezwa ndivyo sarafu yenye uzito uleule inavyochukua nafasi kubwa zaidi ndani ya maji.

Weka gilasi yenye maji juu ya kimizani, kirudishe kwenye sifuri. Funga sarafu kwa uzi mwembamba, ishushe izame yote, lakini isiguse chini wala ubavuni. Shikilia uzi kwa mkono uliotulia, au bora zaidi ufunge kwenye kijiti kilicholazwa juu ya vitabu viwili. Piga sarafu kidogo ili vipovu vitoke. Soma mizani. Namba hiyo ni gramu za maji yaliyosukumwa. Uzito mkavu ugawanye kwa namba hiyo.

Rupia ya 1905 yenye gramu 11.60 ikikupa 1.12, jibu ni 10.36, rupia ya 917 inapaswa kuwa karibu na 10.34, basi ni yenyewe. Rupia ya 1943 itakupa kama 1.22, jibu karibu 9.5. Reale nzuri hutoa 2.75 hivi, jibu 10.2. Reale ya bandia iliyotengenezwa kwa shaba na nikeli yenye uzito sahihi itasukuma zaidi ya gramu 3, na hapo hakuna mjadala. Tofauti ya 0.05 kwenye maji inabadilisha jibu sana, ndiyo maana kimizani cha jikoni hakifai. Rudia mara tatu, uchukue la katikati.

Kwa shilingi usijisumbue. Ya robo fedha inasukuma kama 0.84 na ya shaba na nikeli 0.87, mkono ukitetemeka kidogo tu umeshakosea. Soma mwaka.

Mlio nao wazee wanauamini: tua rupia kwenye ncha ya kidole, igonge kwa rupia nyingine, isikilize. Ya fedha hulia kwa muda mrefu, sauti nyembamba; ya risasi hufanya *tap* ikanyamaza. Ni kweli, lakini yenye donge la kalai au ufa mdogo nayo haitalia, na ni halali. Mimi natumia mlio kuamua ipi niitie majini kwanza.

Jiwe jeusi la sonara na tindikali yake mwachie sonara, na sarafu usimpe. Kipimo hicho hufanywa kwa kusugua, na reale iliyosuguliwa ukingoni inashuka bei kwa mkusanyaji hata kama madini yake ni kamili. Akishikilia kwamba lazima asugue, mpe ile iliyotobolewa.

Hesabu

Uzito uliopima, mara kiwango, mara bei ya gramu moja ya fedha safi siku hiyo. Bei ya dunia hutajwa kwa dola kwa aunsi. Aunsi ya madini ni gramu 31.10, si 28.35 ya dukani, na wapo wanaozichanganya kwa makusudi. Kwa mfano tu, tuseme gramu moja ya fedha safi ni shilingi 3,000. Rupia nzima ya 917 ina madini ya kama 32,000. Ya 1940 hadi 1945, 17,500. Shilingi ya simba, 5,800. Reale, 70,000. Mnunuzi atakata faida yake, na ni haki yake, lakini sasa unajua anakata kutoka wapi.

Ukifika dukani, usimwage mkebe. Toa fungu moja, sema: "Hizi ni rupia za Edward, kumi na nne, gramu mia moja sitini na moja." Wakati mwingine sentensi hiyo peke yake inabadilisha bei. Ukiambiwa, "Bi mkubwa, fedha ni fedha tu," kusanya vitu vyako kwa upole, aga, ondoka. Fungu la pili litolewe baada ya la kwanza kukubaliwa. Mama sasa anacheka ninapomwonesha hivi, anasema mimi ningefaa kuuza pweza Wete.

Baadhi usiuze kwa madini hata kidogo. Reale ya Barghash nimeshaitaja. Nyingine ni senti za Unguja za 1908 zenye mnazi, za wakati wa Sultani Ali bin Hamud: hazina fedha ndani, na sonara hatazitaka, ila mkusanyaji atakufuata hadi nyumbani. Rupia ya 1911 nayo itazame kwa kioo: tembo aliyechorwa kwenye joho la mfalme alionekana kama nguruwe, watu wa India wakachukia, mwaka uliofuata akachorwa upya.

Na kama sarafu haikutoka mkebeni bali ardhini, shambani au ufukweni, hapo hakuna kupima wala kuuza. Iache ilipo, wapigie watu wa Makumbusho na Mambo ya Kale. Pemba hii hii, Mtambwe Mkuu, mwaka 1984 lilifukuliwa fungu la sarafu ndogo za fedha zaidi ya elfu mbili, zenye umri wa miaka elfu moja hivi, na nyingi zilipigwa hapahapa pwani. Kabla ya reale na rupia, kisiwa kilikuwa na fedha yake. Zilipokutwa pamoja, chini ya udongo wao, ndipo ziliposema kitu. Zingeuzwa moja moja zingekuwa vipande vidogo tu vya fedha.

Kuhifadhi zinazobaki

Chumvi ya hewa yetu ni adui. Usizitie kwenye mifuko laini ya plastiki inayonuka, hutoa ute wa kijani unaokula madini. Bahasha ndogo za karatasi, moja kwa kila sarafu, mwaka na uzito umeandikwa nje kwa penseli kabla ya kuitia ndani, zote kwenye mkebe wenye kifuniko kinachobana, juu kabatini na si sakafuni. Zile kumi na moja nilizoziharibu kwa ndimu ziko hivyo sasa, na ufunguo nimeutia humohumo.